Miguu inayojaa jioni: kutembea, kuinua miguu, kuvuta pumzi au soksi za kubana?

Vua kiatu jioni baada ya kushinda umesimama. Ukingo wa soksi umeacha mfereji kwenye ngozi, kiatu kilichoingia bila tabu asubuhi kinatoka kwa kuvutwa, na ukibonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kumi hivi, kishimo kinabaki. Hayo ni maji. Yametoka kwenye damu yako tangu asubuhi na bado hayajarudi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ualimu ni kazi ya miguu. Nimepewa ushauri wa kila aina: tembea, lala uegemeze miguu ukutani, vuta pumzi kwa tumbo, nunua soksi za kubana. Kila anayeshauri hutetea dawa yake kana kwamba zile nyingine hazina maana. Nimezijaribu zote, na nimefundisha mzunguko wa damu mara nyingi kiasi cha kuona kwamba kila moja inashika kipande chake cha safari ileile, safari ya maji kutoka unyayoni kurudi moyoni. Kabla ya kuchagua, jiulize: kwangu mimi safari hiyo inakwama wapi?

Njia yenyewe

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na kila pigo hutoa mililita 70 hivi za damu. Jumla ni kama lita 5 kwa dakika, karibu damu yote ya mwili. Inatoka ventrikali ya kushoto (chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu mwilini), inapita aota, mshipa mkuu, na ateri zake mpaka kwenye kapilari, mirija myembamba kuliko unywele, kisha inakusanywa na vena, mishipa ya kuirudisha moyoni. Ndani ya aota presha ya wastani ni kama milimita 100 za zebaki, kipimo cha kawaida cha presha ya damu. Damu ikifika kwenye vena ndogo za mtu aliyelala, imebaki 10 au 15 tu. Inatosha, kwa sababu kwenye atiria ya kulia, chumba ambacho damu huingilia moyoni, presha ni karibu sifuri, na damu hufuata mteremko huo.

Ukisimama hesabu inabadilika. Nguzo ya damu kutoka moyoni hadi unyayoni ina uzito wake, na kwa mtu mzima aliyesimama tuli presha ndani ya vena za chini ya mguu hufika 90 hivi. Hapa ndipo wengi wetu hufundisha vibaya, na mimi nilifundisha vibaya kwa muda mrefu. Tunasema damu inashindwa kupanda kwa sababu ya mvutano wa dunia. Lakini mvutano huohuo unaivuta damu ya ateri ishuke kwa nguvu ileile. Pande mbili zinasawazishana, kama maji ndani ya mpira wa kumwagilia uliopindwa chini kisha juu: unayoyamimina upande huu yanapanda upande ule. Kinachotushinda ni ukuta. Ateri ina ukuta mnene wa misuli na nyuzi imara, kwa hiyo haifutuki sana. Vena ina ukuta laini na mwembamba. Ikipewa presha ya 90 inatanuka, na damu inatuama humo. Vena ndizo ghala letu, maana hata tukiwa tumepumzika zinabeba kati ya asilimia 60 na 70 ya damu yote. Ghala likijaa chini, moyo juu unapungukiwa. Ndiyo maana askari aliyesimama wima bila kutikisika kwenye gwaride anaweza kuanguka na kuzimia, ilhali mwenzake anayetembea kilomita kadhaa haanguki.

Tena presha hiyo inarudi nyuma mpaka kwenye kapilari, na kapilari zinavuja.

Kuvuja kwenyewe si ugonjwa. Mwaka 1896 mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling alieleza kwamba kwenye ukuta wa kapilari kuna nguvu mbili zinazovutana. Presha ya damu inayasukuma maji nje. Protini zilizomo ndani ya damu, hasa albumini, zinayashikilia yasitoke. Hesabu iliyozoeleka vitabuni ni kwamba lita 20 hivi hutoka kwa siku, lita 17 zinarudi kwenye kapilari zenyewe, na lita 3 zilizobaki zinachukuliwa na mishipa ya limfu, mirija inayokusanya maji yaliyovuja na kuyarudisha kwenye damu. Nilikariri hesabu hiyo nikiwa mwanafunzi. Leo naifundisha kwa tahadhari, kwa sababu mwaka 2010 wanafiziolojia Levick na Michel walikusanya ushahidi kwamba katika tishu nyingi kapilari hazinywi tena maji hayo kwa namna tuliyofikiri. Zinaendelea kuvuja taratibu kwa urefu wake wote, na mzigo mkubwa wa kurudisha uko kwa limfu. Kwa mwenye miguu inayojaa, jambo hili ni kubwa: usifikirie vena peke yake.

Mishipa ya limfu huanza ikiwa imeziba mwishoni, kama vidole vya glovu. Seli za ukuta wake zimepandana ukingo juu ya ukingo, mithili ya vigae vya paa, na kila kigae kimefungwa kwa nyuzi kwenye tishu ya pembeni. Tishu ikijaa maji inatanuka, nyuzi zinavutika, vigae vinafunguka na maji yanaingia. Yakitaka kutoka, vigae vinajifunga. Nimefundisha mengi katika mwili wa binadamu, na bado sijaona mlango uliobuniwa vizuri kuliko huo: unafunguliwa na tatizo ambalo uliwekwa ulitatue.

Kutoka hapo limfu (ndivyo maji hayo yanavyoitwa yakishaingia) inaingia kwenye mishipa mikubwa zaidi yenye vali, yaani vimlango vinavyofunguka upande mmoja tu, ambayo vipande vyake hujikaza vyenyewe mara kadhaa kwa dakika. Inapita kwenye tezi za nyuma ya goti na za kinena (ndizo zinazouma tunaposema mtu ana mtoki), inapanda tumboni, inaingia kwenye mfereji mkuu wa kifuani, na kumwagwa kwenye vena iliyo nyuma ya mtulinga wa kushoto. Limfu ya mguu wa kulia nayo humwagwa huko huko kushoto. Upande wa kulia wa shingo hupokea tu ya mkono wa kulia, nusu ya kulia ya kichwa na sehemu ya kifua.

Kwa hiyo maji ya mguuni yana njia mbili za kurudi, vena na limfu, na zote mbili hupita kifuani, mahali ambapo presha hupanda na kushuka kila unapovuta pumzi. Sasa tuweke zile dawa nne kando kwa kando.

Kutembea dhidi ya kuinua miguu

Hizi mbili ndizo zinazopingwa na kutetewa zaidi, nami nitakaa hapa.

Anza na kigimbi. Misuli ya kigimbi imezunguka vena za ndani ya mguu, zile zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya kurudi. Misuli ikikaza inazibana vena hizo kwa presha inayozidi 100, damu inarushwa juu. Misuli ikilegea vena zinabaki tupu na kunyonya damu kutoka vena za juujuu, zilizo chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye vali nzima, hatua chache tu zinatosha kuiteremsha presha ya kifundo cha mguu kutoka 90 mpaka chini ya 30. Hakuna dawa nyingine kati ya hizi nne inayofanya hivyo ukiwa umesimama.

Lakini kigimbi bila vali ni bure, kwa kuwa damu ingesukumwa juu na kurudi chini palepale. Vali za vena zilielezwa mwaka 1603 na Hieronymus Fabricius, mwalimu wa Padua, Italia. Mwanafunzi wake, William Harvey, ndiye aliyeelewa kazi yake, na katika kitabu chake cha 1628 alionyesha jaribio ambalo unaweza kulifanya sasa hivi. Ninginiza mkono mpaka mishipa ya kigasha ionekane. Bonyeza mshipa mmoja kwa kidole karibu na kifundo cha mkono, usiuachie. Kwa kidole kingine cha mkono huohuo unaobonyeza, fagia damu kuelekea kwenye kiwiko, kisha kiondoe kidole hicho cha kufagilia. Kipande ulichofagia kinabaki kitupu ingawa juu yake kuna damu. Vali imeizuia. Inua kidole cha chini, na kipande kinajaa papo hapo. Wanafunzi wangu hunyamaza wanapoliona hilo kwenye mkono wao wenyewe.

Upungufu wa kutembea ni muda. Ukisimama tuli, vena hujaa tena kwa nusu dakika hivi na presha inarudi ilikokuwa. Maana yake ni kwamba matembezi ya nusu saa jioni, mazuri kwa moyo na mapafu, hayafuti saa nane za kusimama tuli mchana. Kwa miguu, mara nyingi kidogokidogo ni bora kuliko mara moja kwa wingi. Mimi huinua visigino mara kumi kila ninapomaliza kuandika ubaoni. Aliyekaa kwenye kiti au safarini anaweza kupiga nyayo juu na chini, vidole kisha kisigino, kama anayekanyaga pedali ya cherehani. Kigimbi hakijui tofauti ya kutembea na kukanyaga. Kinachohitajika ni kukaza na kulegea.

Kuinua miguu ni njia nyingine kabisa. Hapa humwombi msuli chochote, unaigeuza ile nguzo ya damu tu. Zebaki ni nzito kuliko damu mara 13 hivi, kwa hiyo kila sentimita 1.3 unazoinua mguu juu ya moyo hupunguza presha kwa milimita 1 ya zebaki. Inua mguu sentimita 30 juu ya moyo na utakuwa umepunguza kama 23. Vena zinalala, presha ndani ya kapilari inashuka, kuvuja kunapungua sana, na limfu inapata nafasi ya kubeba yaliyokwishavuja. Dakika 15 hadi 30 hutosha kuona ngozi imelegea.

Kosa ninaloliona kila siku ni kuweka miguu juu ya stuli huku umekaa kwenye kiti. Ni afadhali kuliko kuining'iniza, lakini miguu bado iko chini ya moyo. Umepunguza nguzo, hujaigeuza. Ili igeuke lazima ulale, au karibu ulale, na visigino vipite kimo cha kifua.

Ukiniuliza kati ya hizi mbili niipe ipi kipaumbele, nitasema kutembea huzuia na kuinua huondoa. Mchana, maji yakiwa bado hayajavuja, kukaza kigimbi kunazuia presha isipande. Jioni, maji yakishakuwa kwenye tishu, kigimbi kinasaidia lakini kuinua kunaenda haraka zaidi. Anayeweza kuchagua moja tu achague ya mchana, kwa sababu ni rahisi kuzuia maji yasitoke kuliko kuyasubiri yarudi.

Kuna watu wawili ambao kuinua miguu hakuwafai. Wa kwanza ni mwenye moyo uliochoka. Maji ya miguuni yakirudi kwa ghafula kwenye moyo usioweza kuyasukuma mbele, yanarundikana kwenye mapafu, na mtu anakosa pumzi akilala. Huyo kwanza anahitaji daktari, si mto. Wa pili ni mwenye ateri za mguu zilizoziba. Ishara yake ni mguu unaouma usiku ukiwa kitandani na kupoa ukiuning'iniza. Mguu wa namna hiyo unategemea mvutano wa dunia upate damu, na kuuinua ni kuunyima.

Pumzi: ina nguvu kiasi gani kweli?

Wapo wanaoamini kwamba kuvuta pumzi kwa tumbo kunasafisha limfu ya mwili mzima. Kuna ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una kipimo.

Kiwambo, ule msuli mpana wenye umbo la kuba unaotenganisha kifua na tumbo, kikishuka kinafanya mambo mawili kwa pamoja. Kifuani kinaongeza nafasi, presha inayozunguka mapafu inashuka kutoka chini ya sifuri hadi chini zaidi, na vena kuu yenye ukuta laini inafunguka. Tumboni kinabana, na presha inapanda. Damu na limfu vilivyoko tumboni vinajikuta na msukumo chini na mvuto juu. Unapotoa pumzi, vali za miguuni na zile za mfereji wa limfu huzuia visirudi. Kwa hiyo ni pampu ya kweli, na inafanya kazi mara 12 hadi 20 kwa dakika hata ukiwa umelala usingizi.

Lakini angalia ukubwa. Mabadiliko ya presha ya pumzi ya kawaida ni ya milimita chache za zebaki. Kigimbi kinatoa zaidi ya 100. Kwa maji yaliyoko unyayoni, pumzi peke yake ni msaidizi. Kazi yake kubwa ni kuvuta yaliyokwishafika tumboni. Isitoshe, kwa mtu aliyelala, damu ya vena ya paja hupungua kasi anapovuta pumzi, kwa sababu tumbo limebanwa, na huongeza kasi anapoitoa. Hilo linaonekana kwenye altrasaundi. Ndiyo maana faida iko kwenye mdundo wa kuvuta na kuachia. Anayevuta na kushikilia huku amekaza tumbo, kama anayeinua mzigo, anaifunga njia yote.

Kuna jambo la pili kuhusu pumzi ambalo si la miguu lakini siwezi kulipita, kwa kuwa linaamua uvute vipi. Pumzi moja ya kawaida ni mililita 500. Kati ya hizo, 150 hivi hubaki puani, kooni na kwenye mirija, haziguswi na damu. Zilizobaki 350 ndizo zinazofika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, ambako oksijeni huingia na kaboni dayoksaidi hutoka. Ukivuta mara 12 kwa dakika unaingiza lita 6, na lita 4.2 zinafika. Ukihema haraka haraka mara 24 kwa mililita 250, unaingiza lita 6 zilezile, lakini zinazofika ni 2.4 tu. Ukivuta taratibu mara 6 kwa lita moja moja, zinafika 5.1. Kifua kimepitisha hewa sawa mara zote tatu, mapafu yamepata tofauti. Kwa hiyo atakayechagua pumzi achague pumzi za taratibu. Ukivuta kwa kina na kwa haraka kwa pamoja, kaboni dayoksaidi ya damu inashuka mno na kizunguzungu kinakupata.

Nani hasa ananufaika? Aliyelazwa, aliyetoka kwenye upasuaji, asiyeweza kusimama. Kwake pumzi za kina zikiunganishwa na kukanyaga nyayo kitandani ndiyo dawa iliyopo. Kwa mwenye uwezo wa kutembea, pumzi ni nyongeza nzuri wakati ameinua miguu. Asiifanye mbadala wa kigimbi.

Soksi za kubana

Soksi zinakupa ukuta ambao vena haina. Zilizotengenezwa vizuri hubana zaidi kwenye kifundo cha mguu na kulegea kadiri zinavyopanda. Zinafanya mambo matatu: zinapunguza upana wa vena ili vali zilizokuwa zimeachana zikutane tena, zinaongeza presha nje ya kapilari ili maji yasitoke kirahisi, na zinakipa kigimbi kitu cha kusukumia. Hili la tatu ndilo linalosahaulika. Soksi na kutembea havishindani, soksi hukizidishia kigimbi nguvu.

Zinapimwa kwa milimita za zebaki. Za 15 hadi 20 ni za mtu mwenye miguu inayochoka tu. Kuanzia 20 hadi 30 ziwe kwa ushauri wa mtaalamu. Vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa bado mwembamba. Jioni mguu umeshajaa, na soksi huwa ngumu kuvaa. Na usikunje ukingo wa juu, maana mkunjo unageuka kamba inayofunga mguu.

Mtu anayenufaika kuliko wote ni yule ambaye vali zake zimeharibika, mwenye vena zilizovimba na kujipinda chini ya ngozi. Kwake kutembea hakushushi presha vizuri, kwa sababu kila damu inayorushwa inarudi. Huyo aanze na soksi, kisha atembee nazo. Kinyume chake, mwenye ateri zilizoziba asiguse soksi hizi kabla hajapimwa, na mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi vilevile, kwa sababu hatasikia soksi ikimuumiza.

Kama unaweza kuingia kwenye maji mpaka kifuani, hapo una soksi bora kuliko zote. Presha ya maji huongezeka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo hubana zaidi unyayoni bila mshono wala kipimo. Damu ya mililita 700 hivi huhamia kifuani, moyo unahisi umejaa, figo zinapokea habari, na baada ya muda unataka kukojoa. Ni maji yale yale ya miguuni yanatoka. Tembea ndani ya maji hayo na utakuwa umeunganisha dawa mbili. Mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza, kwa sababu ileile niliyoitaja kwenye kuinua miguu.

Wakati ambapo hakuna hata moja ya kuchagua

Yote niliyosema ni ya miguu miwili inayojaa jioni na kupungua asubuhi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya vena. Usiukande na usiende matembezi kuujaribu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kipande cha damu kikimeguka husafiri kupitia moyo hadi kwenye mapafu, na ishara yake ni kukosa pumzi kwa ghafla au maumivu ya kifua.

Uvimbe unaoanzia usoni asubuhi huelekeza kwenye figo, zinazopoteza ile albumini inayoshikilia maji ndani ya damu. Uvimbe pamoja na kushindwa kulala bila mito mingi huelekeza kwenye moyo. Baadhi ya dawa za presha, amlodipini ikiwa mojawapo, huvimbisha vifundo kwa kulegeza vijiateri vinavyoilinda kapilari. Hapo hata utembee namna gani, mazungumzo yawe na aliyekuandikia dawa. Na uvimbe mgumu usioacha kishimo, wenye ngozi nene, mara nyingi ni wa limfu. Matende ni mfano wake: minyoo inayoenezwa na mbu huharibu mishipa ya limfu, protini zinabaki kwenye tishu na ngozi inakomaa. Huko kuinua mguu na kuuchezesha bado kunasaidia, lakini kinachotangulia ni kuuosha kila siku kwa sabuni na kuukausha vizuri, maana kila kidonda kinachoingiza vijidudu huzidi kuifunga njia.

Kwa hali yako

Unayesimama kazini, kama mimi: visigino mchana, soksi nyepesi ukiweza, miguu juu ya mto jioni. Ukilazimika kuacha kimoja, acha mto.

Unayekaa: adui yako ni goti lililokunjwa na paja linalokandamizwa na ukingo wa kiti. Inuka kila nusu saa, hata kwa dakika moja. Soksi zitakusaidia kwenye safari ndefu kuliko ofisini.

Mwenye vena zilizojipinda: soksi kwanza, kutembea pili, na kuinua miguu kila unapopata nafasi.

Uliye kitandani: kanyaga nyayo, vuta pumzi za taratibu, na uombe kugeuzwa.

Mama mjamzito namweka peke yake. Damu yake imeongezeka, na tumbo la uzazi likikua hulalia vena kuu ya chini, ambayo inapita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Akilala chali na kuinua miguu ukutani, kama anavyoshauriwa mara nyingi, vena hiyo inabanwa hapo hapo anapotaka ifunguke. Alale kwa ubavu wa kushoto, aweke mto kati ya magoti na mwingine chini ya nyayo, na mchana atembee. Na endapo mikono na uso vimevimba pia, au kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, aende kliniki saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.